Jicho Moja Chini ya Miguu ya Mariamu

Kwa aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita: mimi ni Wubalem, mchoraji. Nilizaliwa karibu na Gondar, nikaacha shule darasa la tano baba alipofariki. Dada yangu Mestawet akanishika mkono, tukavuka mpaka, tukaja kuishi Khartoum. Kisha yeye akaenda Beirut kufanya kazi za ndani. Miaka miwili ikapita bila simu wala barua.

Wiki iliyopita niliwaeleza nilivyomjua mwanamke aliyempeleka. Anaitwa Etiye Atsede. Niliwaeleza pia kwamba mwanamke huyo huyo alikuja kwenye karakana ninayochorea akitaka picha ya Mariamu, picha kubwa, ya kubandikwa ukutani katika kanisa letu jipya.

Leo nasema nilichomfanyia. Nimekaa na hasira hii mpaka imenila mwenyewe, na afadhali niitoe hapa kuliko pengine.

Etiye ndivyo tunavyomwita mwanamke mzima kwa heshima, kama Gashe kwa mwanamume. Nilimwita hivyo kwa mdomo. Moyoni nilimwita majina ambayo mhariri hatayachapa.

Siku alipokuja, Gashe Mesele, mwenye karakana, alimwekea kiti na kukifuta kwa mkono wa shati lake.

"Mariamu na Mwanawe," Etiye Atsede akasema. "Malaika wawili. Na chini ya miguu yake, mwanamke amelala kifudifudi, anaomba. Mwandikieni jina hili."

Akatoa kikaratasi. Kilisema: Wolete Maryam.

Kwetu mtu ana majina mawili, la nyumbani na la ubatizo. La ubatizo analijua padri na watu wako wa karibu tu, na ndilo linaloandikwa kwenye picha ya kanisa. Anayelala chini ya miguu ya Mariamu ndiye aliyeitoa picha. Hilo halina mjadala.

"Utakuja lini tukuangalie uso, Etiye?" Gashe Mesele akauliza.

Akacheka. "Mimi? Uso wangu wa nini? Mchoreni mwanamke yeyote wa heshima. Apendeze. Awe mzima."

"Unyenyekevu huo!" Gashe akasema.

Unafiki huo, nikasema kimoyomoyo. Watoaji wote husema hivyo. Mwaka jana mwenye duka la vipuri alitoa picha ya Mtakatifu Giorgis, akatuambia tuchore mwanamume yeyote. Tulipochora mwanamume yeyote, alikuja kulalamika kwamba masharubu si yake.

Lakini lile jina liliniumiza. Dada yangu naye alibatizwa Wolete Maryam. Wanawake wa jina hilo kwetu hawahesabiki, nalijua hilo. Hata hivyo niliona kama mwanamke yule amemchukua dada yangu, kisha amerudi kuchukua na jina lake.

Mimi si msemaji. Mtu akiniuliza jina langu naangalia vidole vyangu vya miguu. Siku hiyo nilimfuata mpaka langoni.

"Etiye. Dada yangu yuko wapi?"

"Nani?"

"Mestawet. Ulimpeleka Beirut."

Akanitazama vidole vyenye rangi. "Anayechora ni wewe au yule mzee?"

"Ni mimi."

"Nilijua. Yule mikono inamtetemeka kama kuku aliyemwagiwa maji." Akakaza netela, shuka yake nyeupe ya kujifunika, mabegani. "Sasa sikiliza, mwanangu. Chora kuliko ulivyowahi kuchora. Siku ya sikukuu ya Mariamu, palepale kanisani, utapata habari za dada yako."

"Kwa nini si leo?"

"Kwa sababu nimesema sikukuu."

Akaingia kwenye teksi. Nilibaki langoni meno yakigongana, na Khartoum mwezi wa tano hakuna baridi.

* * *

Watu hudhani mchoraji huanza na uso. Baba alinifundisha kinyume chake.

Kwanza kitambaa cha pamba, ukivute kwenye fremu mpaka ukikipiga kidole kinalia. Halafu gundi. Halafu rangi nyeupe mara tatu, na kila mara usubiri ikauke. Halafu mkaa, mstari mmoja, bila kufuta. Rangi zinafuata, mistari myeusi inafuata rangi. Macho ni mwisho kabisa.

Baba alikuwa mchoraji wa makanisa. Kwa kuwa wasichana hawachori makanisani, alinifundisha nyuma ya nyumba, na mabawa ya malaika wengi wa wilaya yetu niliyachora mimi nikiwa na miaka kumi, ndani ya zizi.

Kuhusu macho kulikuwa na sheria, na ni sheria ya wachoraji wote wa kwetu. Mwema anachorwa akikutazama, macho yake yote mawili yanaonekana. Mwovu anachorwa ubavu, jicho moja tu. Yuda ana jicho moja. Askari waliompiga Bwana mijeledi wana jicho moja kila mmoja. Mtoto asiyejua hata herufi akiingia kanisani anajua nani ni nani.

"Na kama tajiri ni mbaya, na ndiye aliyetoa picha?" nilimwuliza baba siku moja.

Aliendelea kusaga rangi. "Ukimpa macho mawili umelidanganya kanisa. Ukimpa moja utalala na njaa."

"Sasa wewe unafanyaje?"

"Mimi namwambia mgongo unaniuma, atafute mwingine."

Sikuweza kusema mgongo unaniuma. Nilitaka habari za dada yangu. Kwa hiyo nilichora.

Nilimchora Mariamu na joho la buluu, nikampa vidole virefu vya mama yangu. Nilichora malaika na panga zao. Kila jioni Gashe Mesele alikuja na kikombe cha kahawa, akasimama nyuma yangu na kuguna kama aliyechoka yeye.

"Tunakwenda vizuri," alisema.

Tunakwenda! Gashe Mesele huwaambia wateja kwamba alisomea uchoraji Roma. Roma alifika, ni kweli. Aliosha vyombo hotelini mwaka mzima. Zamani alichora vizuri, nimeona kazi zake za ujana. Sasa mkono hauwezi tena, isipokuwa kuandika "Mesele" kwenye kona. Miaka mitatu nimechora watakatifu, vita, harusi, wafalme na simba, na jina langu halijawahi kukaa hata kwenye mkia wa farasi.

"Yule mwanamke wa chini mbona hana uso?" akauliza.

"Uso mwisho, Gashe."

"Macho mawili makubwa, ya kubembeleza. Huyo ana marafiki kwenye balozi."

"Ndiyo, Gashe."

Wallahi nilikuwa nimeamua kumpa macho mawili. Nilikuwa nimeshamwomba baba radhi huko kaburini kwake. Kisha ikafika Jumanne.

* * *

Rangi nyeupe ilikuwa inaelekea kuisha. Duka la rangi liko mtaa mmoja na nyumba ya Etiye Atsede. Sijui niliwaza nini. Miguu ilipita duka ikaenda kwake.

Mlango ulikuwa wazi. Nikavua viatu, nikasimama kizingitini.

Sebuleni kulikuwa na wasichana watano wamekaa mkekani. Kila mmoja alishika picha zake ndogo za pasipoti kama mtu aliyeshika tiketi. Etiye Atsede alikuwa amesimama mbele yao, fimbo tu ndiyo iliyokosekana.

"Ukiitwa, hukimbii, unatembea haraka. Ukipewa makombo, unashukuru. Mtoto wao akikutemea mate?"

"Ninafuta, Etiye," wakaitikia pamoja.

"Ukipigwa?"

Wakatazama picha zao.

"Ukipigwa unanipigia simu mimi!"

Msichana mmoja mwembamba, hajafika miaka kumi na minane, akanyoosha mkono kama yuko shuleni. "Simu wanaturuhusu kuwa nayo, Etiye?"

Wenzake wakacheka. "Huyu maswali yake yatamrudisha kabla viatu havijachakaa," mmoja akasema.

Etiye Atsede hakucheka. Akageuza uso kuelekea mlangoni. Ndipo akaniona.

Nilidhani atanikaribisha. Alikuja mbio, akasimama kwenye korido na kuiziba kwa mikono miwili.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kuuliza..."

"Sikukuu! Wewe umeziba masikio? Nimesema sikukuu. Toka, mwanangu. Toka, toka!"

Akanisukuma mpaka nje. Viatu vyangu akavitupa vikanifuata.

Mtu mwingine angepiga kelele. Wanawake wa mtaa walikuwa nje wanachagua dengu, wangenisikiliza, wangenisaidia hata kutukana. Mimi niliokota viatu nikavivaa. Sauti yangu haitoki. Haijawahi kutoka. Kitu chochote kinachonipata kinashuka mabegani, kinaingia mkononi, kinakaa hapo.

Nilirudi karakana bila rangi nyeupe.

Nyeupe iliyobaki ilitosha jicho moja. Hivyo ndivyo nilivyojiambia siku ile. Lakini leo nakiri, na ninyi msomao ndio wa kwanza kusikia: ilitosha mawili. Ningeibana kidogo, ikatosha.

Nilikigeuza kile kichwa ubavu. Nikampa pua ya Etiye Atsede na ile alama nyeusi iliyo kando yake. Nikampa mistari mitatu ya chale shingoni kama aliyo nayo. Mtu yeyote wa mtaani angemtambua akiwa mbali. Nikachora jicho moja, refu, jeusi, likitazama pembeni kama la Yuda mezani. Chini, kwa rangi nyekundu, nikaandika: Wolete Maryam.

Sikuwahi kuchora kitu kizuri kama kile. Hilo nalo nakiri.

Gashe Mesele akaja na brashi yake, akainama konani, akaandika "Mesele". Hakutazama hata shibiri moja juu ya herufi zake. Picha ilipokauka, niliitoa kwenye fremu nikaiviringisha.

* * *

Mkesha wa sikukuu, mchana, mashemasi wawili waliibandika. Mimi nilikaa upande wa wanawake na ndoo ya gundi, kwa sababu mwanamke hapandi ngazi kwenye ukuta ule. Ni ukuta unaozunguka madhabahu.

Walianza juu wakashuka. Mariamu akatokea, malaika wakatokea. Walipofika chini shemasi mmoja akaacha kupapasa kitambaa. Akasogea nyuma. Akapiga ishara ya msalaba.

"Gashe Mesele! Umemfanya nini mama wa watu?"

Gashe akapandisha miwani. Nikaona uso wake ukipauka. Akanigeukia, midomo ikicheza bila sauti: umeniua.

Lakini yule shemasi alikuwa anacheka kwa kujizuia, mkono mdomoni. "Binamu yangu alipelekwa na huyu," akasema. "Mtaa mzima tunaogopa kumsema, wewe umemsema mbele ya madhabahu. Una moyo wa simba, Gashe!"

"Simba hasa," mwenzake akasema.

Gashe Mesele akamtazama huyu, akamtazama yule. Akanyoosha kola yake.

"Msanii lazima aseme ukweli," akasema. "Ndivyo tulivyofundishwa Roma."

Nilishika ile ndoo kwa mikono miwili nisije nikammwagia. Alizoea kuniibia kazi. Siku hiyo aliniibia na hasira yangu.

* * *

Asubuhi ya sikukuu ya kuzaliwa Mariamu kanisa lilijaa mpaka uani. Nje masufuria ya ngano na maharage yalikuwa yanachemka, ngoma zinalia, netela nyeupe kila mahali. Abba Zelalem, padri wetu, aliibariki picha kwa maji ikiwa bado nyuma ya pazia. Kisha akavuta kamba.

Vigelegele vikapanda kwa Mariamu. Vikashuka pamoja na macho ya watu. Vilipofika miguuni vikakatika.

Bibi mmoja mbele yangu akajifunika mdomo. Jirani yake akamfinya. Mtu akasema, "Mungu wangu, na chale zake!" Kicheko kikapita upande wa wanawake kama upepo kwenye shamba la mtama.

Etiye Atsede alikuwa amesimama mbele kabisa. Nilisubiri aone. Nilikuwa nimeisubiri saa ile tangu Jumanne.

"Yule ni nani?" akauliza kwa sauti.

Wanawake wakatazamana.

"Nauliza, yule ni nani?"

"Ni wewe, Etiye," bibi mmoja akasema kwa upole wa uongo. "Hongera."

Akageuka kumtafuta Gashe Mesele. Uso wake ulikuwa umekuwa rangi ya majivu.

"Nani kachora?"

Na Gashe Mesele, mtu wa Roma, moyo wa simba, aliyetia sahihi yake chini ya kazi yangu miaka mitatu, alinyoosha kidole mbele ya kanisa zima.

"Ni huyu msichana. Wubalem. Kachora yeye peke yake, mimi sikugusa hata kidogo. Jina lake ni Wubalem binti Gebeyehu, jamani, andikeni!"

Ndivyo nilivyotangazwa kuwa mchoraji.

Etiye Atsede alinikamata mkono, akanivuta mpaka uani, nyuma ya masufuria. Nilidhani atanipiga. Nilitaka anipige.

"Umeandika jina gani pale?" alisema.

"Ulilonipa."

"La nani?"

"La kwako."

"Jina langu la ubatizo ni Hirute Mikael, mjinga wewe! Hirute Mikael! Muulize Abba. Nilikwambia unichore mimi? Nilikwambia?"

Sikuelewa. Au nilielewa na nikakataa.

"Basi Wolete Maryam ni nani?" nikauliza.

"Unamjua Wolete Maryam gani, mtoto wewe? Katika dunia nzima unamjua yupi?"

Ngoma zilikuwa zinalia. Nakumbuka maharage yakifurika na kuzima moto upande mmoja, na mwanamke akilaani kuni.

"Yuko Khartoum," Etiye Atsede akasema. "Ana miezi minane tangu arudi. Yuko nyumbani kwangu, chumba cha nyuma. Siku uliyokuja alikusikia ukivua viatu. Aliuma netela yake asikuite."

"Kwa nini asiniite?"

"Kwa sababu mama mwenye nyumba kule alimmwagia dawa ya kusafishia choo. Usoni." Akagusa shavu lake. "Jicho moja limekwenda. Lililobaki linaona kama mtu anayechungulia ndani ya maziwa. Akaniambia, Etiye, Wube asinione hivi. Amalize kwanza picha, achore mwanamke yeyote mzima mwenye jina langu. Nataka niwe mzima mahali pamoja tu duniani, chini ya Mama yetu, na macho yangu yote mawili. Halafu ndipo nitamwita. Picha ile kaiagiza yeye. Mimi nilikuwa mtu wa kutumwa tu."

Lakini hasira yangu haikuondoka. Ilitafuta mahali pa kukaa.

"Ni wewe uliyempeleka," nikamwambia.

"Ni mimi. Na ni mimi niliyekwenda kumtoa, wakati ubalozi na jamaa na kila mtu walikuwa wanasema kesho. Kwa la kwanza nipe jicho moja, nimekubali, ubandike uso wangu mpaka sokoni. Kwa la pili utanipa nini?"

"Na wale watano wa Jumanne?"

Akatazama pembeni. Ubavu, kama nilivyomchora.

"Wasipopita kwangu watapita kwa mbaya zaidi," akasema.

"Hakuna mbaya zaidi!"

Ilikuwa sauti yangu. Ilitoka yote, na wanawake wa masufuria wakageuka. Sikujua nina sauti kubwa hivyo.

"Nipigie kelele baadaye," Etiye Atsede akasema. "Dada yako yuko njiani. Nilimwacha anavaa. Kama unaweza kufanya kitu na ule ukuta, ukifanye sasa."

* * *

Nilirudi ndani mbio. Kwenye mfuko wa nguo yangu nina brashi moja kila wakati, na Gashe Mesele huwa na kikopo cha nyeupe kwenye koti lake kwa ajili ya sahihi. Niliingiza mkono kwenye koti lake likiwa mwilini mwake, nikakichukua.

Abba Zelalem alisimama mbele ya ngazi.

"Unakwenda wapi, binti?"

"Nimekosea uso, Abba. Nipe robo saa. Nitamgeuza anitazame, ni kazi ndogo, nafunika kwa nyeupe..."

"Picha imeshabarikiwa. Haiguswi leo."

"Si uso wake ule! Ni uso wa mtu mwingine na jina la mtu mwingine!"

"Ungelijua hilo jana." Hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali. "Na hata jana usingepanda ngazi hii. Tutakaa na wazee baada ya mfungo ujao, tutaona shemasi gani anaweza kurekebisha."

"Shemasi! Abba, malaika wale wamechorwa na mwanamke. Mariamu yule unayemwinamia, vidole vile ni vya mama yangu. Mikono yangu imefika pale juu yote, ni miguu yangu tu ndiyo haramu?"

Watu wakanong'ona. Msichana yule anayetazama vidole vyake vya miguu alikuwa anambishia padri siku ya Mariamu. Nilishika ngazi. Yule shemasi aliyecheka akaishika upande wa pili, na safari hii hakucheka.

"Usinifanye nikuondoe, dada," akasema.

Ndipo umati upande wa wanawake ukafungua njia.

Alikuja akipapasa ukuta kwa vidole, amejifunika netela mpaka nusu ya uso. Nusu niliyoiona ilikuwa ya dada yangu. Alikuwa amekonda. Alitembea kama mtu anayevuka mto usiku, na hakumgusa mtu, kwa sababu kila mtu alimpisha.

Wanawake waliokuwa wakicheka walimtazama usoni, wakatazama chini ya miguu ya Mariamu, wakainamisha vichwa. Sijui wangapi walikuwa wameshaelewa.

Alisimama mbele yangu. Akavuta pumzi.

"Unanuka gundi, Wube," akasema.

Niliachia ngazi. Nikamshika. Sijui tulisimama vile muda gani. Nilitaka kumwuliza nani alimfanya hivi, mtaa gani, nyumba namba ngapi, nikaichome. Nilitaka kumpiga kwa kunificha miezi minane. Sikusema lolote kati ya hayo, kwa sababu alikuwa ameshainua uso wake kuelekea ukutani na analikaza lile jicho lililobaki.

"Naona buluu," akasema. "Buluu nyingi. Ni joho lake?"

"Ndiyo."

"Na mimi niko wapi? Chini?"

"Chini."

"Umenichora vizuri?"

Gashe Mesele alitazama viatu vyake. Etiye Atsede alikuwa amesimama mlangoni, netela mdomoni.

"Wube. Macho mangapi?"

Baba yangu hakuwahi kudanganya kanisani, kwa brashi wala kwa mdomo.

"Mawili," nikasema.

"Yote mawili?"

"Yote mawili, dada."

Akatabasamu. Nusu ya uso ikatabasamu, nusu nyingine haikuweza. Akaingiza mkono ndani ya netela, nikadhani anatafuta kitambaa cha machozi.

Akatoa simu.

"Kule juu macho yangu hayafiki," akasema. "Lakini hii inaniletea. Nikiikuza na kuisogeza karibu, naona hata nukta."

"Dada, subiri. Baadaye, tukiwa nyumbani..."

"Nimesubiri miezi minane."

Akaielekeza simu ukutani. Ikalia kidogo. Akaileta karibu na lile jicho mpaka kope zikagusa kioo, akaweka vidole viwili, akavitanua. Alianza na Mariamu. Alicheka kidogo.

"Vidole vya mama," akasema.

Kisha kidole chake kimoja kikaanza kushuka juu ya kioo, polepole, kuelekea chini.